Ngumi ni Kuzama, Kiganja ni Kuelea

Nyumba ya kona, mlango wa bluu,
Nyuma ya kiwanda cha sabuni.
Jumapili, alasiri.

Mpendwa dada,

Shikamoo. Ipokee hata kama barua itakufikia saa ambayo huko kwenu watu wanaagana kwenda kulala. Hujambo? Goti lako linasemaje? Kila nikipanda ngazi za shule nalikumbuka, nami najikuta nashika ukuta kwa niaba yako. Shemeji naye, kifua kimetulia? Mwambie aache ubishi, avae sweta.

Sisi huku ni wazima. Mzito ameota jino jingine na analilia kama anadai haki yake mahakamani. Amekuwa mnene, dada, mpaka mikono ina mikunjo ya mto. Baba Kijino wiki nzima hulaza mabomba kwenye majengo mapya ya mbali, lakini leo yupo. Amelala mkekani chali, Mzito yuko juu ya kifua chake, anapanda na kushuka, anapanda na kushuka, na mimi nikiwatazama sana macho yanaanza kufumba. Ukiona mstari umepinda mahali, ujue hapo nilisinzia.

Nimechoka, lakini ni uchovu tu, si ugonjwa. Usianze kupiga simu kwa jirani.

Najua barua hii utaipitia haraka kwanza ukitafuta neno moja. Nakujua. Ulisema kwenye simu, "Niletee Kijino akae kwangu, asome huku. Tujaribu tu mwaka mmoja. Ikishindikana, anarudi, kwani kuna ubaya gani?" Nikakwambia nitakuandikia, kwa sababu kwenye simu wewe unajua kuongea kuliko mimi, na ningejikuta nimesema ndiyo kabla sijavuta pumzi. Jibu ninalo. Lakini nililipata darasani, kwenye maji, kwa hiyo vumilia nikupeleke huko kwanza.

Mwaka huu nafundisha darasa la pili, na mwanao Kijino yumo humo humo darasani mwangu. Shuleni ananiita mwalimu. Siku akijisahau akaniita mama, darasa zima linaitika, "Abee mwanangu!" na yeye ananuna mpaka kengele.

Wiki hii tulikuwa na somo la vitu vinavyoelea na vinavyozama. Mimi somo hilo nilifundishwa kwa kuimbishwa: kizito kinazama, chepesi kinaelea, basi, funga daftari. Sikuwahi kuona beseni. Safari hii nikasema hapana, hawa watoto watalowa. Nikaenda kumwomba mwalimu mkuu. Ni mama mwenye roho nzuri, ila anapenda sakafu kavu kuliko kitu chochote duniani. Akanitazama juu ya miwani. "Maji? Ndani? Na darasa la pili?" Nikamwambia nitaikausha mwenyewe kwa mkono wangu. Akapumua kama mtu anayesaini kufukuzwa kazi, akasema sawa.

Baba Kijino alinikatia dumu kubwa la maji ya kunywa, lile la plastiki linaloonyesha ndani, akalilaza na kulifungua upande wa juu kama sanduku. Ukikaa mbele yake unaona kila kitu mpaka chini. Nililiweka kwenye meza karibu na dirisha. Dada, sikuwa nimepanga hilo, lakini jua liliingia kwenye maji, maji yakalitupa darini, na dari yote ya darasa ikaanza kutembea. Mikunjo ya mwanga, taratibu, taratibu. Watoto waliinua vichwa wakanyamaza. Unajua darasa la pili kunyamaza bila kuambiwa ni kitu gani? Nilisimama pale nikahisi madawati yanaondoka chini yetu, kila mtoto na dawati lake, yanateleza kwenda nje polepole na hakuna anayeogopa. Hata kelele za kiwanda zilisikika kama ziko chini sana. Sijui nilisimama hivyo muda gani. Kijino ndiye aliyenivuta sketi. "Mwalimu, umelala macho wazi?"

Tulikuwa na sheria moja. Hakuna kitu kinachoingia majini kabla kila mtu hajatabiri. Unayedhani kitazama, unakunja ngumi na kuinyoosha juu. Unayedhani kitaelea, unafungua kiganja. Mwalimu naye anatabiri, haponi. Na huruhusiwi kubadilisha mkono ukishaona.

Yupo msichana mmoja tunamwita Bosi, kwa sababu hukusanya madaftari ya wenzake hata bila kutumwa. Huyo alijipa kazi ya kulinda mikono.

"Wewe! Umebadilisha! Nimekuona!"

"Sijabadilisha, nilikuwa najikuna."

"Unajikuna na kiganja kizima? Ngumi, ngumi, rudisha ngumi yako."

Jiwe likazama, kijiko kikazama, kizibo kikaelea. Hapo nilikuwa salama na wimbo wangu. Kisha mtoto mmoja akaleta kipande cha mbao, kile tunachoegemeza mlango usigonge, kizito kweli, akakibeba kwa mikono yote. Mimi mwalimu wao nikakunja ngumi kwa kujiamini. Kikaelea kama kimezaliwa humo. Bosi akachomoa pini kwenye ubao wa matangazo, akaitumbukiza: ikaenda chini moja kwa moja.

"Mwalimu, ulisema kizito kinazama."

"Nilisema."

"Sasa mbao ni nzito kuliko pini."

"Naona."

"Kwa hiyo umekosea?"

"Nimekosea."

Walinipigia makofi, dada! Sijawahi kupigiwa makofi kwa kupatia.

Baada ya hapo nikauacha wimbo. Nikawapa chupa tupu iliyofungwa kifuniko, kila mmoja aizamishe kwa mkono. Ungewaona nyuso zao. "Yananisukuma! Mwalimu, maji yananisukuma!" Mtoto mmoja mdogo kuliko wote alikataa kutoa mkono wake, alikuwa anaibonyeza chupa na kuiachia, anaibonyeza na kuiachia, na midomo iko wazi, kana kwamba ameshikana mkono na mtu asiyeonekana. Kumbe ndivyo ilivyo, maji husukuma kila kitu juu, hata jiwe. Ila jiwe limejikusanya mno, halipati pa kubebwa. Tulichukua donge la udongo wa kuchezea likazama. Tukalitoa, lile lile, tukalitandaza tukalifanya bakuli, likaelea. Tukalirudisha donge, likazama. Walitaka kufanya hivyo siku nzima na mimi ningewaachia.

Sasa nifike kwenye mkate.

Kijino alikuwa na mkate wake wa mapumziko. Kipande kinene, nilikipaka siagi asubuhi huku Mzito akinining'inia shingoni. Alisimama akakinyanyua mbele ya darasa. "Natabiri kitaelea," akafungua kiganja. Nilimwambia, kama mwalimu, "Kijino, hicho ni chakula chako." Akanijibu, "Najaribu tu." Na kwa kuwa ni zamu yake, na kwa kuwa ningemkatalia wangesema nampendelea mwanangu au namwonea, sijui kipi, nikamwacha.

Kikaelea. Wengine wote walikuwa wamekunja ngumi, kwa hiyo alishinda peke yake. Alicheza, dada. Unajua anavyocheza kwa mabega. Nikaandika ubaoni: mkate, unaelea. Tukaendelea na mengine, majani, ufunguo, kandambili ya mtu, mpaka kengele.

Wenzake walipofungua vyakula vyao, akaenda kuuchukua mkate wake. Ulikuwa umekunywa maji. Ulikuwa bado na umbo la mkate, lakini alipoingiza mkono ukagawanyika, ukawa kama wingu chini ya dumu. Alichota kwa viganja, ukapita katikati ya vidole. Akachota tena.

"Nirudishie mkate wangu."

Sikujua kama anaongea na mimi au na maji.

Nilitaka kusema maneno ya kimwalimu, kwamba uliamua mwenyewe, ulionywa. Nilishayafungulia mdomo. Akageuka, macho yamejaa lakini hayajamwagika, pengo lake la mbele linaonekana, akasema polepole kama anayenieleza kitu ambacho mtu mzima angepaswa kukijua:

"Mama, mimi nilikuwa najaribu tu."

Aliniita mama, na hakuna hata mmoja aliyeitika abee.

Dada, nilisikia sauti yako. Sikwambii hivi kukuumiza. Nilisikia "tujaribu tu mwaka mmoja" kwa sauti yako ile ile ya upole, na nikauona ule mkate. Jiwe unaweza kulijaribu kutwa nzima, ukalitoa, ukalifuta, likawa jiwe. Udongo nao hivyo hivyo. Mkate unaujaribu mara moja, na ukishaujaribu huna tena mkate wa kula.

Bosi alikata wake katikati akamwekea Kijino nusu juu ya daftari, akamwambia, "Kula, na huu usiutie." Wakala. Mimi nikaanza kukausha sakafu, nikaikausha muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Mwalimu mkuu alipita akachungulia, akaisifu.

Sikukata shauri siku ile. Nitakuwa mwongo nikisema hivyo. Nilikuwa nataka kusema ndiyo, dada, na sababu nyingine si nzuri. Kuna jioni Mzito analia, Kijino anauliza maswali yasiyo na mwisho, chakula kinaungua, na mimi nawaza: mmoja akienda ningelala. Baba Kijino naye alisema nafasi ya namna hii haigongi mlango kila siku, halafu akamchukua Mzito mikononi mwangu, maana aliona uso wangu. Na shule ya huko najua ni nzuri. Na wewe ni wewe. Ulinibeba mgongoni mpaka miguu yangu ikawa inaburuza chini. Kukukatalia wewe kitu ni kama kujikatalia.

Lakini unakumbuka niliporudi kutoka kwa shangazi? Nilipelekwa kwake kwa muda mfupi tu, ili niwe karibu na shule. Shangazi hakunitesa hata kidogo, Mungu amtunze. Alinipa kitanda kizuri na sahani yangu mwenyewe. Nilichojifunza kule ni kuwa mgeni hodari. Kutandika kabla sijaambiwa, kucheka baada ya wengine kucheka, kutomaliza mboga. Niliporudi nyumbani, siku ya kwanza, nilisimama mbele ya mtungi nikamuuliza mama kama ninaweza kunywa maji. Wewe ulicheka mpaka ukakaa chini. Mama hakucheka. Mimi wakati ule sikuwaelewa nyote wawili.

Hakuna aliyefanya kosa. Lakini mpaka leo, kwenye nyumba ambayo mimi ndiye mama mwenye nyumba, kuna nyakati najikuta nafungua kabati taratibu ili lisilie.

Leo asubuhi nilikuwa namuogesha Mzito kwenye beseni, povu limejaa, Kijino amechuchumaa pembeni ananisaidia kummwagia kopo. Mwanga wa dirishani ulikuwa unacheza kwenye tumbo la Mzito. Kulikuwa kimya kizuri, kile kimya cha Jumapili watu wote wakiwa bado hawajaamua kufanya kitu. Nikamuuliza kama vile nauliza habari ya hali ya hewa, "Kijino, ukienda kukaa kwa mama mkubwa, unatabiri nini?"

Aliinua mkono, akaanza kuufungua, akaukunja. Akautazama mwenyewe. Akaushusha majini.

"Tabiri wewe kwanza, mwalimu," akasema. "Sheria."

Nikashindwa. Mikono yangu yote ilikuwa na sabuni na chini yake kuna mtoto. Nikamwambia sijui.

"Basi kama hujui na mimi sijui, si tusitie." Akamwagia Mzito kopo la maji kichwani, Mzito akapiga ukelele, na yakaisha.

Kwa hiyo, dada yangu, jibu ni hapana. Kijino atakaa hapa, nyuma ya kiwanda cha sabuni, na mama yake aliyechoka. Ikifika siku amekua, anajua anachokwenda kufanya na anaweza kunipigia simu mwenyewe kunilalamikia, tutazungumza tena na nitamsindikiza. Si sasa, na si kwa kujaribu. Nakuomba usimwambie baba Kijino aniongeleshe, na usimpigie mama. Nimeshapiga moyo konde, usinianzishie upya.

Najua nyumba yako ilivyo kimya. Najua umeshapaka rangi chumba, shemeji aliponyokwa na maneno. Hilo ndilo lililonifanya nichelewe kuandika. Usiifute rangi hiyo. Likizo ndefu tutakuja wote, mimi, Kijino na Mzito, tukijazane humo humo mpaka uchoke nasi, na Kijino atafungua makabati yako kwa kelele, nitahakikisha. Atakuwa mgeni kweli, mwenye siku ya kuondoka anayoijua. Na wewe goti likikuruhusu, njoo wewe kabla ya hapo. Dumu la maji bado liko kwenye meza darasani. Mwalimu mkuu ameniuliza, kana kwamba hajali, kama darasa la tatu nao wanaweza kuliazima.

Utakuta kitu kigumu kwenye bahasha. Ni kifungo cha sweta la Kijino la zamani, amekukatia mwenyewe. Alitafuta asubuhi nzima kitu cha kukutumia ili ukijaribu, akakataa ua, akakataa biskuti. Akasema lazima kiwe kitu kinachokaushika. Kabla hujakitia majini tabiri kwanza, na shemeji atabiri, na usimwache abadilishe mkono. Jibu hatukwambii.

Baba Kijino ameamka, anakusalimia sana wewe na shemeji. Mama naye nilimpitia juzi, ni mzima, anauliza kama unakula. Msalimie yule jirani yako mshonaji, mwambie gauni lile bado linanikaa. Mwenyezi Mungu akulinde ulipo, ailainishe miguu yako, na nyumba yako isikose sauti ya mtu anayekuita kwa upendo.

Nilimsomea Kijino kipande cha mwisho, akaniuliza, "Mama mkubwa atakasirika?" Nikamwambia tutabiri, ngumi kama atakasirika, kiganja kama hatakasirika. Safari hii sikushindwa: nilikunja ngumi. Yeye akafungua kiganja, akakiweka nyuma ya karatasi hii, akanipa kalamu nikizungushie. Geuza utakiona, kidole gumba kimepinda kwa sababu alikuwa anacheka. Weka mkono wako juu yake, dada, kisha uniambie nani kati yetu alipatia.

Mdogo wako akupendaye, ambaye bado anasikia joto la mgongo wako,

Mama Kijino